MAZIWA YA POVU BILA MASHINE
Mazungumzo na vikundi vya akina mama na vijana, Kakamega



Leo tumekuja kuongea juu ya kahawa yenye maziwa ya povu. Vijana wetu wakirudi kutoka Nairobi hutusimulia habari zake, halafu wanasema ati huku kwetu haiwezekani kwa sababu inataka mashine. Tunataka kuwaonyesha kwamba inawezekana kwa sufuria na chupa ya jemu. Lakini kuna onyo moja, na tunaomba mlishike kuliko yote mengine.

Mashine inafanya nini?

Mashine ya espreso ilianzia Italia. Inasukuma maji ya moto kwa nguvu kupitia unga wa kahawa, na ina bomba linalopuliza mvuke ndani ya maziwa. Mvuke huo unayapasha moto na kuyatia hewa. Protini za maziwa zinaishika ile hewa, na hapo povu linatokea. Basi tunahitaji joto na hewa. Joto tunalo jikoni, hewa tutaitia kwa mkono.

Onyo lenyewe

Maziwa ya paketi yanayotumika mjini yamekwisha kuuliwa vijidudu kiwandani. Kwa hiyo wao wanayapasha mpaka nyuzi 60 au 65 tu, maana yakizidi sana yanaharibika ladha. Sasa mtu wa hapa anasikia hivyo, anakamua ng'ombe wake, anapasha maziwa mabichi kidogo, anatikisa, anakunywa. Hiyo ni hatari. Kiwanda kikitumia nyuzi 63, kinashikilia joto hilo dakika 30 nzima. Kupasha mara moja na kuepua hakutoshi.

Maziwa mabichi yanaweza kuleta ugonjwa wa brusela. Mgonjwa anapata homa inayokuja na kwenda, jasho, uchovu na maumivu ya viungo. Mama mjamzito anaweza kupoteza mimba. Watu wengi wanafikiri ni malaria, wanameza dawa za malaria na hawaponi. Kifua kikuu cha ng'ombe pia kinapita kwa maziwa. Na ng'ombe anaweza kuonekana mzima, mnono, kumbe ana vijidudu. Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: CHEMSHA KWANZA, POVU BAADAYE.

Namna ya kufanya

1. Chemsha maziwa mpaka yapande na kububujika. Yafunike, yaache yapoe. Ondoa ule utando wa juu. Watoto watakula na mkate.

2. Tengeneza kahawa nzito. Tia vijiko viwili vya chai vya unga wa kahawa katika nusu kikombe cha maji yaliyochemka. Ngoja kama dakika nne, kisha chuja kwa chujio au kitambaa safi.

3. Pasha yale maziwa tena kwa moto mdogo. Mvuke ukianza kupanda na vipovu vidogo vikionekana kando ya sufuria, epua. Yasichemke mara ya pili.

4. Suuza chupa kwa maji ya uvuguvugu ili kioo kisipasuke. Tia maziwa yasizidi nusu, maana povu linataka nafasi. Funga kifuniko vizuri, zungushia kitambaa, tikisa kwa nguvu nusu dakika. Fungua polepole, mvuke ulio ndani unaweza kurusha maziwa ya moto. Watoto wasiguse kazi hii.

5. Gonga chupa juu ya meza mara mbili ili mapovu makubwa yapasuke. Mimina maziwa ndani ya kahawa, na povu ulipakue kwa kijiko juu yake.

Asiye na chupa atumie kipigio cha mayai, au amimine maziwa kutoka kikombe kimoja kwenda kingine, mkono ukiwa juu. Watu wa India Kusini wanaandaa kahawa yao hivyo, na hata wenye vibanda vya chai hapa kwetu wanaujua mchezo huo.

Povu likikataa, angalieni chombo kwanza. Mafuta yaliyobaki ndani yanaliua. Halafu angalieni maziwa. Yakikatika wakati wa kuchemsha, yameanza kuchacha na hayafai kwa kazi hii.

Kwa nini tujisumbue?

Wamisionari walipanda kahawa Bura, kule Taita, mwaka 1893. Jirani zetu wa Bungoma wanailima kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Hata hivyo sehemu kubwa ya kahawa ya Kenya inauzwa ng'ambo, na sisi nyumbani tunakunywa chai. Maziwa tunayo, kahawa iko karibu. Kikundi kinachopika chai kwenye mikutano na harusi kinaweza kuongeza kahawa ya povu bila kununua chombo kipya hata kimoja. Lakini mteja akiugua kwa sababu ya maziwa yenu, hatarudi, na majirani watasikia.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika nyumba zetu, ni nani bado anakunywa maziwa mabichi, na kwa sababu gani?

2. Kikundi chetu kikianza kuuza kahawa, nani atasimamia uchemshaji wa maziwa?