Kilio cha Mwewe: Aset wa Misri na Watu wa Ziwa

Mtu akipanda daladala Kiseke asubuhi, akashuka Kirumba na kuingia soko la samaki la Mwaloni, kabla hajayafikia magunia ya dagaa ataona mwewe angani. Wanazunguka, wanashuka ghafla, wananyakua kichwa cha samaki na kupaa tena. Akina mama wanaofungasha dagaa wamewazoea, hawainui hata macho. Sauti ya ndege huyu hailingani na mbawa zake. Ni nyembamba, inatetemeka, inavutwa mpaka inakatika, kama ya mtu aliyelia usiku kucha.

Wamisri wa kale waliisikia sauti hiyo wakasema ni kilio cha mjane. Mjane huyo ni Aset, ambaye Wayunani walimwita Isis, na jina hilo la Kiyunani ndilo lililoenea duniani. Katika maandishi ya makaburini, yeye na dada yake Nephthys hugeuka kuwa mwewe wawili wanaomlilia Osiris aliyeuawa. Hata katika mazishi ya watu walikuwapo wanawake wawili waliosimama kichwani na miguuni pa maiti, nao waliitwa mwewe mkubwa na mwewe mdogo.

Mhadhara huu umeandikwa kwa ajili ya wakazi wa Kiseke na majirani zao wa ufuko wa Mwanza, na una dai moja tu: kwamba mungu huyu wa kike wa Misri, anayetangazwa leo kwa namna nyingi za ajabu, hueleweka vizuri zaidi na watu wanaoishi na maji. Hakuna anayeombwa kuacha swala yake wala ibada yake ya Jumapili. Kinachoombwa ni kuisikiliza habari ya kale kwa masikio ya mtu wa ziwani.

Kisa chenyewe kimesimuliwa kwa urefu na Plutarch, Myunani aliyeishi karibu miaka 1,900 iliyopita, ingawa vipande vyake vimo katika maandishi ya Kimisri yaliyomtangulia kwa zaidi ya miaka 2,000. Osiris, mume wa Aset, alikuwa mfalme mwema. Ndugu yake, Set, alimlaghai akaingia katika sanduku, akalifunga na kulitupa mtoni. Aset alikata nywele, akavaa nguo za msiba, akaenda akiuliza kila aliyekutana naye, hata watoto. Alilipata sanduku mbali sana, pwani ya Lebanoni ya leo. Set akauona mwili, akaukata vipande 14 na kuvitawanya. Aset akapanda mtumbwi wa mafunjo, akapita vinamasi kimoja baada ya kingine akivikusanya. Alivipata 13. Cha mwisho kilikuwa kimeliwa na samaki.

Hapo ndipo wasomaji wengi wa leo huharakisha kwenda kwenye uchawi: jinsi alivyomwamsha mumewe, jinsi alivyopata mimba ya Horus. Lakini sehemu kubwa ya kisa hiki ni utafutaji. Mungu huyu anatembea, anauliza, anachoka, anaketi kando ya kisima analia, halafu anasimama tena. Miungu mingi ya kale hutoa amri wakiwa wameketi. Huyu miguu yake ina vumbi.

Na ajabu ni kwamba jina lake lenyewe ni kiti. Katika hieroglifi, Aset huandikwa kwa alama ya kiti cha enzi, na katika picha hukibeba kiti hicho kichwani. Farao alipoketi kutawala, aliketi mapajani pa mama. Wasukuma hawatalishangaa wazo hili. Pale Bujora, Kisesa, katika makumbusho ya utamaduni wa Kisukuma yaliyoanzishwa na padre David Clement, jengo la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, kwa sababu kiti kilibeba utawala wenyewe; watemi walipita, kiti kikabaki.

Ibada ya Aset ilidumu kuliko dola la Misri. Ilivuka bahari hadi Ugiriki, Roma na hata London, ambako ulipatikana mtungi wa udongo uliochorwa maneno ya Kilatini yanayotaja hekalu lake. Mabaharia walimfanya mlinzi wao, na tarehe 5 Machi kila mwaka waliteremsha majini chombo kilichopambwa kwa heshima yake, ndipo msimu wa safari ukafunguliwa. Katika hekalu lake la kisiwa cha Philae, karibu na Aswan, ndipo palipochongwa maandishi ya mwisho ya hieroglifi yanayojulikana, tarehe 24 Agosti mwaka 394. Hekalu lilifungwa katika karne ya 6, sehemu yake ikageuzwa kanisa. Maji ya bwawa yalipotishia kulimeza, lilibomolewa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya katika kisiwa cha jirani, kazi iliyokamilika mwaka 1980.

Siku hizi amerudi kwa njia nyingine. Mwaka 1976, huko Clonegal nchini Ireland, Olivia Robertson, kaka yake Lawrence na wifi yake Pamela walianzisha ushirika wa kumwenzi Isis, ukapata wafuasi nchi nyingi. Watu weusi wa Marekani wanaotafuta mizizi ya Kiafrika wamemkumbatia kama mama wa Kiafrika, na wana haki ya kufanya hivyo. Kwenye intaneti, hata hivyo, ameuzwa vibaya. Ni hirizi ya mapenzi, ni mafuta ya kuongeza urembo, ni siri ya kuvuta bahati. Aliyetembea Misri nzima kumtafuta maiti amefanywa mwuza marashi. Hilo ni kosa, na linawanyima watu kitu chenye thamani zaidi.

Thamani hiyo watu wa Mwanza wanaijua bila kufundishwa. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, ikitokea Bukoba kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Meli ilijengwa kwa abiria 430, ikabeba wengi zaidi. Kwa muda ilielea kifudifudi, na ndani yake walikuwamo watu walio hai. Tundu lilipokatwa katika bati ili kuwatoa, hewa iliyokuwa ikiielesha ikatoka, nayo ikazama. Waliokufa, kwa hesabu zilizotangazwa, walizidi 800. Wengi wamelala Igoma, katika makaburi yaliyochimbwa kwa ajili yao.

Siku zile ndugu walikuja kutoka kote Kagera na Mwanza. Walipita mbele ya miili iliyopangwa wakitafuta uso, shati, pete, kovu la utotoni. Wengine walipata. Wengine walirudi nyumbani mikono mitupu. Miaka 22 baadaye, Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa, na utafutaji ukaanza upya, mitumbwi ya wavuvi ikitangulia vyombo vya serikali. Siku mbili baadaye fundi mmoja wa mitambo alitolewa akiwa hai katika chumba kilichobakiwa na hewa. Watu walikuwa hawajaondoka ufukoni.

Huyo ndiye Aset. Mtu anayesimama ufukoni siku ya tatu, akiangalia maji, naye ameshaambiwa arudi nyumbani, yumo ndani ya kisa chake, awe Mkristo, Mwislamu au mwenye kutambikia mababu.

Tuseme msiba umetokea mtaani Kiseke. Turubai linafungwa, pengine linakata nusu ya barabara. Wanaume wanakaa kwenye viti vya plastiki, wanawake ndani, juu ya mikeka. Daftari la michango linapita mkono kwa mkono. Masufuria yanapandishwa kwenye mafiga, na kuna mama mmoja, jirani tu, ambaye hakuna aliyemwomba, anayesimamia maji ya chai tangu alfajiri. Mwili ukishazikwa, matanga huanuliwa na arobaini huhesabiwa. Mwili usipopatikana, matanga hayaanuliki kwa kweli. Turubai litaondolewa, lakini mtu ndani ya nyumba ataendelea kusikiliza mlango. Wamisri walilijua hilo jeraha. Katika Biblia, Mwanzo 50, mwili wa Yakobo ulitiwa dawa kwa siku 40 na Wamisri wakamlilia siku 70, na Misri ya leo bado inaadhimisha arobaini ya marehemu. Kwao mazishi yalikuwa zaidi ya kumficha mtu udongoni. Yalikuwa kumkusanya, kumrudishia umbo na jina lake.

Mtu anaweza kuuliza, na ni swali la haki: kwa nini kwenda Misri, wakati nchi za Maziwa Makuu zina wa kwao? Nyabingi, roho ya kike iliyoheshimiwa kusini magharibi mwa Uganda, Rwanda na kaskazini magharibi mwa Tanzania, iliwasemea wanyonge kupitia wanawake waliokuwa midomo yake. Mmoja wao, Muhumusa, Wajerumani walimfunga Bukoba, ng'ambo ya ziwa hili hili. Alipoachiwa akatangaza kuwafukuza Wazungu. Mwaka 1911 Waingereza wakamshinda, wakamweka kizuizini Kampala hadi alipofariki mwaka 1945. Jina la Nyabingi lilifika hadi Jamaika, na Marasta hulitumia mpaka leo kwa ngoma zao za ibada. Nyabingi anastahili mhadhara wake mwenyewe. Aset anaitwa hapa kwa sababu nyingine: maji yake ni haya.

Pausanias, msafiri wa Kiyunani wa karne ya 2, aliandika kwamba Wamisri waliamini Naili hujaa kwa machozi ya Isis anayemlilia mumewe. Imani ya namna hiyo haikufa na mahekalu. Misri ya Waislamu na Wakopti iliendelea kuadhimisha Usiku wa Tone, katikati ya Juni, tone moja la kimbingu likisemwa kudondoka mtoni na kuanzisha mafuriko.

Yapo maneno matamu yanayosema kwamba machozi hayo yalitoka Mwanza. Si kweli, na ukweli ni mzuri zaidi. Mafuriko ya Misri yalitoka nyanda za juu za Ethiopia. Karibu asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan kwa mwaka ni ya huko. Maji ya Ziwa Victoria hutoka Jinja, hupita maziwa mengine, huingia vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini ambako karibu nusu yake hupotea kwa jua, na yanayosalia husonga polepole kaskazini. Lakini hayakomi. Ethiopia ilipokauka, mto haukukatika, kwa sababu maziwa haya yaliendelea kutoa. Mafuriko yalikuwa kilio cha msimu. Maji ya ziwa ni zile hatua za miguuni, mwezi baada ya mwezi.

Waliogawana maji hayo mwaka 1929 walikuwa Misri na Uingereza, na watu wa ufukoni hawakuulizwa. Mwaka 1962 Tanganyika ya Nyerere ilitamka kwamba mkataba huo hauifungi, na leo maji ya ziwa yanapanda kwa bomba kutoka Ihelele, Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama. Kunywa maji ya ziwa ni haki. Kuyatunza ni deni.

Na deni hilo linarudisha macho kwenye mafunjo. Baada ya Horus kuzaliwa, Aset alimficha ndani ya vinamasi vya mafunjo, Set asimpate. Mahekaluni zilikuwamo picha za mama huyo akinyonyesha katikati ya mashina yale. Mafunjo hayo karibu yalitoweka kabisa Misri. Katika miaka ya 1960, Hassan Ragab, aliyetaka kufufua utengenezaji wa karatasi ya kale, alilazimika kuagiza miche kutoka Sudan. Hapa Mwanza bado yanaota yenyewe, kwenye ghuba na midomo ya mito, na watu huyakata kwa mikeka na kuezekea.

Kazi ya mafunjo hayo ilionekana baada ya sangara kuletwa ziwani katika miaka ya 1950. Wamisri walimjua, mji wa Esna ulimtukuza, Wayunani wakauita mji huo kwa jina lake. Hapa ziwani alipoongezeka kupita kiasi, katika miaka ya 1980, alifagia furu wa aina mamia, wengi hawajaonekana tena. Baadhi ya waliosalimika walikuwa ndani ya mafunjo. Maji ya kule yana hewa kidogo, na sangara hayavumilii. Samaki wadogo wa asili huyavumilia. Huhitaji kuamini mungu yeyote wa Misri kuona kwamba alichokifanya Aset kwa Horus, mafunjo ya Nyanza yamekifanya kwa furu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita 60 ni hatua kama 80 za mtu mzima. Mwenye kiwanja kando ya maji, na mwenye panga mkononi, azihesabu kabla ya kukata.