Bwana na Mtumwa katika Kiini cha Kompyuta: Suala la Istilahi za Terminali Pepe



Mada niliyopewa kuizungumzia jioni hii hapa Mwanza ni finyu, nayo imo ndani ya kompyuta, mahali ambapo sisi wataalamu wa lugha hatufiki mara kwa mara. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kazi ile ilikuwa kubwa, lakini ilihusu yale yanayoonekana kwenye kioo. Chini ya kioo liko tabaka ambalo bado hatujalipa majina ya kutosha, na jozi moja ya majina hayo inatugusa sana sisi wa kando ya ziwa hili.

Zamani terminali ilikuwa mashine: kibodi na kichapishi, na baadaye kioo, iliyounganishwa kwa waya na kompyuta kuu. Mashine hizo zimekwisha, lakini programu zilikwisha kuandikwa zikitarajia kuzungumza nazo. Kwa hiyo mfumo endeshi kama Linux huunda terminali isiyo na waya wala chuma. Mwanafunzi wa Malimbe anayefanya kazi, kwa njia ya mtandao, katika kompyuta iliyoko Dar es Salaam hutumia kifaa cha namna hiyo, hata kama hana habari nacho.

Kifaa hiki chenye ncha mbili huundwa kwa miito. Programu huita posix_openpt. Kiini cha mfumo hufungua faili liitwalo /dev/ptmx na kurudisha nambari ya ncha ya kwanza. Kisha huita grantpt, ili ncha ya pili iwe mali ya mtumiaji aliyeiomba. Halafu unlockpt, yaani kuondoa kufuli. Halafu ptsname, ambayo hutaja jina la ncha hiyo ya pili, kwa mfano /dev/pts/3. (Kwa hakika hizi ni kazi za maktaba ambazo ndani yake hupiga miito yenyewe, lakini tusikwame hapo.) Baada ya hayo programu hujigawa kwa fork. Mchakato mtoto huanzisha kikao chake kwa setsid, hufungua ncha ya pili, huifanya kuwa njia yake ya kusoma, ya kuandika na ya kutoa taarifa za makosa, kisha hujigeuza kuwa programu ya kupokea amri. Programu hiyo huamini kwamba mbele yake ipo mashine ya kweli. Mchakato mzazi hubaki na ncha ya kwanza.

Katikati ya ncha hizo kiini kimeweka kanuni za mstari, ambazo hukurudishia herufi unazopiga ili uzione, hufuta unapokosea, na hugeuza Ctrl-C kuwa ishara ya kukatiza kazi. Tusizichanganye kanuni hizo na programu ya amri. Msukuma akiandika neno ng'ombe katika amri, ataona kompyuta inamngoja aendelee, kwa kuwa ritifaa imehesabiwa kuwa mwanzo wa nukuu. Lawama hapo si ya terminali. Ni ya programu ambayo haikulelewa katika lugha yenye ng'.

Sasa majina. Kwa miongo kadhaa vitabu vya Kiingereza viliita ncha ya kwanza bwana na ya pili mtumwa. Mwalimu anayefasiri neno kwa neno atasimama mbele ya darasa lake na kusema: mtumwa amefungwa kufuli, tumwombee ruhusa, tumfungue. Agosti 1858, John Hanning Speke alipofika kando ya ziwa hili, alikuwa ametoka Kazeh, Tabora ya leo, kituo cha misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Kwetu neno hili halijawa sitiari iliyochakaa.

Wapo watakaosema kwamba mtumwa ni yule aliyetumwa tu, kwamba mzizi wake ni ule ule wa mtume, na kwamba etimolojia yamtosha. Siikubali hoja hiyo. Msikilizaji hasikii mzizi, husikia maana. Tena jozi hiyo haielezi vizuri hata ufundi wenyewe, kwa kuwa data hupita kwenda na kurudi, kama magari katika kivuko cha Kigongo na Busisi kabla ya daraja kufunguliwa Juni 2025. Hakuna aliyewahi kuliita gati moja mtumwa wa jingine. Kiwango cha POSIX chenyewe, katika toleo la 2024, kimeyaacha majina hayo na kuchukua mengine yenye maana ya msimamizi na tanzu. Napendekeza tuseme ncha simamizi na ncha tanzu. Tanzu tunayo tayari katika fasihi na katika kampuni tanzu, wala hatukuhitaji kuikopa.

Kuhusu kifaa chenyewe, wengine hupendelea terminali bandia. Neno bandia lina ukweli wake, maana kifaa huigiza. Ila siku hizi linanuka noti za kughushi. Barua pepe imekwisha kutuzoesha pepe, nami nashikamana nayo.

Imebaki ishara moja. Ncha simamizi ikifungwa, kiini hupeleka kwa mchakato unaoongoza kikao ishara iitwayo SIGHUP, jina lililotoka enzi za laini za simu. Hapo mfasiri hana kazi kubwa, kwa kuwa Kiswahili kina kukata simu, na kila mtu sokoni Kirumba anajua maana yake.