Deni Halizikwi, Lakini Mnada Una Masharti



Mtu ameshindwa kesi ya deni. Kabla hajalipa, anafariki. Baadaye dalali anafika nyumbani kwake, mtaa wa Buruburu, Makadara, jijini Nairobi, anabandika tangazo langoni, na nyumba inanadiwa kwa amri ya mahakama. Je, mnada huo ni halali? Nashikilia kwamba si halali, ikiwa hakuna msimamizi wa mirathi aliyeitwa kujibu.

Katika mitaa ya Maringo na Jericho, nyumba ni za kaunti. Mpangaji akifa, anayemdai hakuti ardhi ya kunadi. Buruburu ilijengwa kuanzia miaka ya 1970 ili watu wanunue kwa mkopo. Huko kuna hati miliki, na penye hati ndipo penye hatari.

Tusidanganyane: dawa ya deni ni kulipa, hata baada ya kifo. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inamtaka msimamizi alipe gharama za mazishi na madeni, ndipo warithi wagawane kilichobaki. Lakini kifungu cha 45 cha sheria hiyo hiyo kinamkataza asiye na idhini kugusa mali ya marehemu.

Ndiyo maana kifungu cha 37 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinamrudisha mdai mahakamani, aombe hukumu itekelezwe dhidi ya msimamizi. Huyo atawajibika kwa mali ya marehemu iliyomfikia tu, wala si kwa mshahara wake. Kanuni za 2010 za sheria hiyo, Agizo la 22, kanuni ya 18, zinataka apewe notisi aje aeleze kwa nini hukumu isitekelezwe. Mahakama ikiiruka notisi hiyo, ni lazima iandike sababu.

Utaratibu huu tuliurithi kutoka India ya wakoloni, pamoja na ubishi wake. Mwaka 1900, katika kesi ya Malkarjun, mdaiwa alikuwa amekufa na notisi ikapelekwa kwa asiye mrithi halisi. Privy Council ya London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, ilisema mahakama ilikosea, lakini mnada ulisimama kwa kuwa haukupingwa kwa wakati. Mwaka 1914, katika kesi ya Raghunath Das, mdaiwa alikuwa amefilisika na aliyekabidhiwa mali yake hakupewa notisi inayotakiwa. Mnada ukawa batili. Nami nasimama na uamuzi wa pili: notisi ndiyo inayoipa mahakama uwezo wa kuuza.

Mnunuzi naye asijifariji kwa nia njema. Mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management, Mahakama ya Juu ya Kenya ilikataa kulinda hati ambayo chimbuko lake lilikuwa haramu.

Mdai hakuachwa mikono mitupu. Familia ikikaa kimya, anaweza kuiita mahakamani ifungue mirathi; kifungu cha 66 cha Sheria ya Urithi kinamtaja hata yeye miongoni mwa wanaoweza kupewa usimamizi. Tangazo hutoka katika Gazeti la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30.

Kwa hiyo naiomba Idara ya Mahakama: masjala isipokee ombi la kunadi ardhi bila kiapo cha mdai kwamba mdaiwa yu hai, au jina la msimamizi wake. Nanyi familia, fungueni mirathi mapema, maana marehemu asiye na msimamizi hana wa kumsemea siku ya mnada.