Uvimbe Kando ya Stoma: Usiufiche, Usiupuuze



Wapo wakaazi wa kaunti hii ambao, baada ya saratani ya utumbo, ajali au utumbo kujisokota, walifanyiwa upasuaji wakatengenezewa njia ya choo tumboni. Njia hiyo huitwa stoma, na choo huingia katika mfuko unaobandikwa juu yake. Wengi huificha. Uvimbe unapotokea kando yake, huuficha pia.

Uvimbe huo mara nyingi ni ngiri. Ili kutengeneza stoma, daktari hupitisha utumbo katikati ya misuli ya tumbo. Mwanya huo ukipanuka, sehemu nyingine ya utumbo husukumwa na kutuna chini ya ngozi. Si kurogwa wala si aibu. Huwapata wengi, hasa katika miaka michache ya kwanza baada ya upasuaji.

Ngiri hii huonekana zaidi mtu anaposimama au kukohoa, na hupungua anapolala. Wengine huhisi uzito, wengine hawahisi chochote. Dalili nyingine ni mfuko kubanduka na kuvuja, kwa kuwa ngozi si tambarare tena.

Kinachosumbua wengi ni kazi. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una uzito wa kilo 20, na mfuko wa simiti ni kilo 50. Mama mboga wa Makongeni au fundi wa mjengo kule Ruiru hawezi kuambiwa tu, "Usibebe," kisha aachwe bila chakula. Abebe kidogo kidogo: mtungi wa lita 5 mara nne badala ya wa lita 20 mara moja. Jamaa na waajiri nao wampe kazi isiyomkamua tumbo.

Anapokohoa au kupiga chafya, aishikilie stoma kwa kiganja. Kikohozi kisichoisha kitibiwe, sigara iachwe, na uzito wa mwili udhibitiwe. Choo kikiwa kigumu, amwone mhudumu wa afya. Mshipi wa kushikilia tumbo husaidia, lakini upimwe na muuguzi, na uvaliwe mtu akiwa amelala chali, kabla uvimbe haujatoka. Tundu la mfuko nalo lipimwe upya, kwa kuwa stoma hubadilika umbo.

Si kila ngiri hupasuliwa. Daktari anaweza kuziba mwanya kwa wavu maalum, au kuihamisha stoma. Hata hivyo ngiri huweza kurudi, ndiyo maana uamuzi huu hufanywa kwa utaratibu kati ya daktari na mgonjwa.

Lakini kuna wakati wa kutongoja. Uchungu mkali, kutapika, tumbo kujaa, stoma kuacha kutoa choo na hewa, uvimbe kuwa mgumu na kukataa kurudi, au stoma kugeuka zambarau au nyeusi: hizo ni dalili kwamba huenda utumbo umebanwa au damu haiufikii. Mgonjwa asikandwe, asipewe dawa ya kuharisha, asile wala kunywa. Apelekwe mara moja kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, iwe Thika Level 5 au Ruiru Level 4, hata kama ni usiku wa manane.

Aliye na uvimbe usiouma naye asikae kimya. Afike kliniki mapema, akiwa bado anatembea kwa miguu yake.