Mti Ulioandikwa Kuwa Umetoweka

Msikilizaji, mwaka 1998 mti mmoja wa Lindi uliingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyotoweka duniani. Wanabotania wanauita Erythrina schliebenii. Shina lake lina miiba, maua yake ni mekundu. Ulichumwa miaka ya 1930 karibu na ziwa Lutamba, kisha msitu ule ukafyekwa kupisha mikorosho. Mwaka 2001 ukaonekana Kilwa, na huko nako mashine zikaingia kufyeka. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta ungali hai. Miti mikubwa haikufika 50.

Mti kama huo hutambuliwaje? Kwa kuulinganisha na ule uliochumwa zamani. Ndiyo kazi ya hebaria, ghala la mimea iliyokaushwa. Tawi lenye maua hubanwa katikati ya magazeti, hukaushwa, hubandikwa kwenye karatasi ngumu, na pembeni huwekwa lebo: nani kachuma, lini, wapi, kwenye udongo gani, na wenyeji wanauitaje. Lebo ikikosekana, tawi lile ni takataka tu.

Fikiria mwanafunzi anayetafiti dawa za asili. Mganga anamtajia jina la mti. Wilaya ya jirani jina hilohilo ni la mti mwingine kabisa. Asipoacha tawi la ushahidi hebaria, hakuna atakayeweza kuhakiki utafiti wake, hata kama maabara ilifanya kazi safi. Na jicho la kutofautisha majani mawili yanayofanana halipatikani kwenye picha za simu. Hupatikana kwa kukaa mbele ya makabati ya hebaria, karatasi baada ya karatasi, na mtunzaji mzoefu akiwa kando.

Tunahitaji makabati yetu wenyewe, kwa kuwa kutegemea ya Ulaya peke yake ni hatari. Machi 1943 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya hebaria ya Berlin, pamoja na mimea mingi iliyochumwa Tanganyika. Kati ya iliyoungua, iliyonusurika kwa sayansi ni ile ambayo nakala zake zilikuwa kwingine.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vyuo vikuu: mnapopanga bajeti, mtengeeni mtunzaji wa hebaria ajira ya kudumu, na mumpe msaidizi kijana wa kumrithisha ujuzi kabla hajastaafu. Nanyi wanafunzi, kila mmea mnaouandikia tasnifu, acheni tawi lake chuoni, na lebo iliyokamilika.