Betri Inapokufa Baharini: Nahodha Apime Kabla ya Kununua

Mazungumzo kwa manahodha, wavuvi na wanachama wa vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU), Kaunti ya Lamu



Katika kaunti hii boti ndiyo matatu, ndiyo lori la samaki, na usiku ndiyo ambulensi. Mgonjwa wa Kizingitini au Faza hafiki hospitali ya Lamu bila kupita majini. Ndiyo maana mazungumzo ya leo ni juu ya kitu ambacho wengi hukikumbuka kikishaharibika: umeme wa mashine ya boti.

Chukulia boti imetoka Faza jioni na mama aliyeshikwa na uchungu. Ikifika Mkanda maji yamekupwa, nahodha anazima mashine kungoja yajae. Maji yakijaa anazungusha ufunguo, mashine inalia "tak" mara moja na kunyamaza. Taa zimefifia, redio ya mawasiliano imezima, pampu ya ngama haivuti. Mashine ndogo huvutwa kwa kamba, lakini kubwa nyingi haziwaki kwa nguvu za mkono.

Kesho yake nahodha huyo hukimbilia dukani kununua betri mpya. Inafanya kazi siku mbili tatu, kisha nayo inakufa. Betri haikuwa na kosa. Haikuwa ikipata chaji.

Chaji hutoka wapi? Juu ya mashine, chini ya kifuniko, kuna gurudumu zito liitwalo flaiwili, lenye sumaku ndani yake. Chini yake kumefungwa koili za waya wa shaba, ambazo mafundi huziita stata. Sumaku zikizunguka, stata hutoa umeme unaokwenda mbele na kurudi nyuma. Betri haiwezi kuula umeme wa namna hiyo, kwa hiyo unapitia kwanza kwenye rektifaya, inayouelekeza upande mmoja. Regyuleta huuzuia usizidi kipimo. Katika mashine nyingi vitu hivi viwili vimo ndani ya kisanduku kimoja. Kutoka hapo umeme hupita kwenye fyuzi na waya mwekundu hadi kwenye betri.

Njia ni hiyo, na ukaguzi huanzia mwisho wake, kwenye betri, kwa sababu huko ndiko matatizo mengi na ndiko matengenezo ni rahisi.

Kwanza, nahodha aangalie vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani ni kutu. Avisugue mpaka ving'ae, avikaze kwa nati na spana, kisha apake grisi. Nati za masikio zinazokazwa kwa vidole hulegea kwa mtikisiko wa mawimbi.

Pili, apime betri kwa mita ya umeme, mashine ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, na chini ya 12 imeisha. Betri iliyochajiwa usiku kucha na bado ikashuka upesi bila kutumika, hiyo imechoka.

Tatu, awashe mashine ikiwa majini, gia iwe katikati, aongeze mwendo kidogo, kisha apime tena kwenye betri. Mita ikipanda hadi kati ya volti 13.5 na 14.5, chaji inafika. Ikibaki 12 na kitu, haifiki. Ikizidi 15, regyuleta haizuii tena, na betri itachemka maji yake.

Nne, kama chaji haifiki, atazame fyuzi na waya. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya kipimo kilekile. Ikiungua tena, huenda kuna waya uliochubuka unaogusa chuma. Kufunga kipande cha waya badala ya fyuzi ni kukaribisha moto karibu na tangi la petroli. Kisha apime waya mwekundu pale unapotoka kwenye rektifaya: kama hapo ni volti 14 na kwenye betri ni 12, umeme unapotelea njiani, kwenye kiungo kilicholiwa na chumvi.

Hapo tu ndipo zamu ya stata na rektifaya inapofika, na kazi hii afanye fundi mwenye kitabu cha mashine hiyo. Fundi atazima mashine, atachomoa nyaya za stata na kupima ukinzani wake, alinganishe na kitabu. Pia atapima kati ya kila waya na chuma cha mashine. Kwa stata nyingi hapo pasiwe na njia yoyote ya umeme. Ikiwa stata ni nzima na nyaya ni nzima, mshukiwa aliyebaki ni rektifaya.

Kubadilisha rektifaya ni boliti chache na viungo vya nyaya. Stata ni kazi zaidi. Betri huchomolewa kwanza, nati ya flaiwili hufunguliwa, na flaiwili hutolewa kwa pula maalumu. Anayeigonga kwa nyundo huweza kupasua sumaku au kuharibu shafti. Wakati wa kurudisha, nyaya zipite mahali pake pa zamani ili zisisagwe, kibanzi cha shafti kikae sawa, na nati ikazwe kwa kipimo cha kitabu.

Makosa mawili huua rektifaya mpya siku ileile: kuchomoa betri mashine ikiwa inaunguruma, na kufunga nyaya za betri kinyume, nyekundu mahali pa nyeusi.

Ndugu manahodha, mita ya kawaida ya umeme ni bei ndogo sana ukilinganisha na stata. Kila BMU inaweza kununua moja ikakaa ofisini na ikatumiwa na boti zote za ufuo. Nahodha akipima kila wiki na kuandika namba kwenye daftari, ataona chaji ikishuka kabla haijamwacha baharini. Na kwenye boti pasikose fyuzi za akiba, spana, tochi, na jaketi ya kuokoa maisha kwa kila abiria.

Maji ya Mkanda hujaa kwa saa yake. Yakijaa, mashine iwake.