Samaki Wakifa, Tuanze na Maji



Samaki wakikutwa wanaelea bwawani asubuhi, neno la kwanza huwa "sumu", na jirani huanza kushukiwa. Tunaomba tuanze na maji.

Machi 2022 samaki walikufa kwa wingi katika Mto Mara. Wengi walishuku sumu ya migodini. Kamati ya Serikali ilieleza kuwa kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza vilipunguza oksijeni majini. Mwaka 2018 watafiti walikuwa wameonyesha, upande wa Kenya, kuwa hata kinyesi cha viboko, wanyama tunaowafahamu Ngorongoro, huua samaki hivyo hivyo.

Mabwawa yetu Karatu hayatofautiani. Samadi ikizidi, mwani hustawi. Mchana huongeza oksijeni, usiku huitumia. Alfajiri hubaki kidogo sana. Samaki wakihema juu ya maji saa hizo, simamisheni samadi na chakula, ingizeni maji mapya. Perege wakifa na kambare, apumuaye hewa, akabaki hai, shukuni oksijeni kwanza. Wakifa wote, msiwale. Mwiteni afisa uvuvi apime maji.

Bwawa tutalijaza tena. Jirani aliyesingiziwa ni vigumu kumrudisha.